Nafasi ya Vidole Viwili

Shati lilirudi Ijumaa asubuhi, limekunjwa vizuri ndani ya mfuko uleule liliotoka nao, na karani aliyelileta hakuweza kumtazama fundi usoni. Aliliweka mezani taratibu. Akasema huenda ni macho yake tu, huenda kioo cha nyumbani kwake kimepinda, lakini ile kola, upande wa kushoto, ilikuwa kama imeshuka kidogo. Kidogo sana. Mwenzake wa ofisini ndiye aliyeiona, si yeye.

Mama Kola alilitoa shati mfukoni, akafunga kifungo cha juu, akalitandaza. Hakuhitaji hata futi kamba. Ncha ya kushoto ilikuwa imeipita ya kulia kwa unene wa punje ya mchele, na pembe yake, ambayo ilipaswa kuchongoka, ilikuwa butu.

"Macho yako ni mazima," alimwambia karani. "Jumatatu utalikuta tayari."

Karani aliondoka mbiombio, kana kwamba yeye ndiye aliyeharibu. Mama Kola alibaki amelishika lile shati. Katika miaka ishirini na minane halikuwahi kurudi shati lake hata moja kwa sababu ya kola. Vifungo viliwahi kurudi, mifuko iliwahi kurudi, na suruali ndiyo usiseme. Kola haikuwahi.

Jina lenyewe alilipata kwa kazi hiyo. Lile alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Watu walivuka mitaa mitatu na kuwapita mafundi wengine saba ili kuja kwake. Akiingia kwenye ukumbi wa harusi, alitazama shingo za wanaume na kujua mara moja nani ni wake na nani amepotea njia. Wala hakuwa mtu wa kujifanya mnyenyekevu. Alijivuna, alijivuna mchana kweupe, na aliyekereka alikuwa huru kwenda kwa wale saba.

Sheria yake ilikuwa moja. Kifungo cha juu kikishafungwa, vidole viwili vipite kati ya shingo na kola. Kikipita kimoja, ikifika saa sita mwenye shati atakuwa ameshakabwa. Vikipita vitatu, ataonekana ameazima shati la kaka yake. Alikuwa akiviingiza vidole vyake mwenyewe kwenye shingo za mawakili, za wahubiri, za mabwana harusi wanaotetemeka, na wote walisimama kimya wameinua kidevu mpaka aseme basi.

Sasa aliunyoosha mkono wa kushoto mbele ya dirisha, akaukunja, akaukunjua. Kidole gumba kilikuwa na ganzi tangu Jumanne. Kugeuza ncha ya kola ni kazi ya gumba la kushoto: ndilo linalobana kitambaa kwa ndani wakati sindano inaisukuma kona itokeze. Gumba lisipohisi, kona haitokezi sawasawa. Na alijua vizuri kilicholitia ganzi. Kilikuwa kinaning'inia nyuma yake kwenye msumari, kati ya kalenda na koti la mteja.

Lilikuwa gitaa.

Alilitaka gitaa tangu ujanani. Wakati huo alishona mashati sita ya bendi moja iliyokuwa ikipiga kwenye harusi, mashati ya rangi ya maziwa yenye kola pana, na siku ya kujaribisha, mpiga gitaa alikaa kwenye benchi la chumba hikihiki akawa anajipigia polepole, bila kuombwa na mtu, wakati wenzake wakivaa na kuvua. Mama Kola alifunga vifungo vyote vya mashati yale bila kukumbuka alivifunga saa ngapi. Tangu hapo, redio ikipiga wimbo wenye gitaa, alikuwa akisema, "Siku moja na mimi nitapiga." Aliyasema hayo kwa sauti ileile ambayo watu husema watakwenda kuwatembelea ndugu wa mbali. Kila aliyemsikia aliitikia na kuendelea na mambo yake.

Aliyesikia kwelikweli alikuwa mumewe. Alikuwa fundi wa magari, mpole wa maneno, mwenye mikono minene kama mikate, na gereji nzima ilimwita Spana. Mama Kola alimwita Baba, na siku akitaka kumtania alimwita Spana na yeye. Wiki saba zilizopita mzee huyo aliingia mlangoni na kitu kimezongwa kwenye blanketi, amekibeba kama mtoto aliyelala. Alipolifunua blanketi alikuwa na jasho puani.

"Nimekuchagulia mwenyewe," alisema. "Sikumwachia muuzaji hata kidogo."

Mama Kola alilia siku hiyo, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, na alilia kwa furaha. Kesho yake gereji nzima ilikuwa na habari. Akipita kununua uzi, vijana wa chini ya magari walikuwa wakitoa vichwa na kumuuliza dansi ni lini. Na dansi kweli lilikuwepo, la aina yake: mwalimu wa gitaa, ambaye aliuza vyombo vya muziki dukani mbele na kufundisha chumba cha nyuma kila Jumamosi, alikuwa amepanga mwisho wa mwezi wanafunzi wapige wimbo mmoja mbele ya familia zao. Spana alishachagua shati atakalovaa. Alilileta kwa mkewe atengeneze kola upya, ingawa kola ile haikuwa na kasoro yoyote, kwani alikuwa ameishona yeye.

Tatizo lilikuwa shingo. Gitaa lile lilikuwa na shingo pana, tena nene, na mkono wa Mama Kola ulikuwa mdogo. Ili vidole vifike kwenye uzi mnene wa juu, ilimbidi akunje kifundo cha mkono mpaka kilie, na gumba lake lilibaki nyuma ya mbao likisukuma kwa nguvu zote. Nyuzi zenyewe hazikumsumbua. Wanafunzi wenzake walinung'unika wiki nzima ya kwanza kwamba ncha za vidole zinawaka moto. Yeye hakuhisi kitu, maana miaka ya kuchomwa na sindano ilikuwa imemwachia sugu za kutosha. Wimbo ulikuwa na mikao mitatu ya vidole. Miwili aliilazimisha ikakubali. Wa tatu ulitaka kidole kimoja huku chini na kingine kule juu kabisa, na kila alipoujaribu, uzi mmoja ulikufa, ukatoa mlio kama wa mtu anayegonga boksi.

Jumamosi iliyopita mwalimu alimvuta pembeni kwa adabu zote. Alimwambia kwamba ana sauti nzuri, na labda siku ile angeimba tu, awaachie wengine magitaa. Mwalimu hakuwa amemsikia akiimba hata siku moja.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba alijua la kufanya, maana alikuwa akiwafundisha wengine. Haukupita mwezi bila mwanamke kuingia chumbani humu na gauni alilonunuliwa na mumewe bila kupimwa, amekuja kisirisiri lipanuliwe mbavu kabla mume hajajua. Mama Kola aliwapanulia, lakini hakuwaachia hivihivi. Aliwaambia wakaseme. Aliwaambia nguo inayokubana ukiivaa kwa ajili ya heshima, basi utaheshimu mpaka uzimie. Wao wakacheka, wakaondoka, hawakusema. Na sasa ilikuwa wiki ya saba Spana akimuuliza kila jioni, akiwa bado anavua buti, "Haya, gitaa linaendaje?" na yeye akijibu, "Zuri sana, Baba."

Lakini leo shati lilikuwa limerudi. Hapakuwa tena na mlango wa kujificha: ama aliache gitaa kabla ya mwisho wa mwezi, Spana awe na shati la kuvaa asiwe na mahali pa kulivaa, ama amwambie kwamba zawadi aliyoichagua kwa mkono wake haimtoshi. Kuziacha kola hakukuwa na mjadala.

Alifunga mlango wa mtaani, jambo ambalo hakulifanya mchana. Akalitoa gitaa msumarini, akalilaza chali kwenye meza ya kukatia, akavuta futi kamba iliyokuwa begani, na kulipima shingo.

Alilipima kama anavyopima mtu. Aliizungusha futi kamba shingo nzima, nyuzi na mbao pamoja, akakutanisha ncha, akasoma. Inchi tano na robo pale juu. Katikati, tano na robo tatu. Aliandika kwenye kipande cha karatasi ya kukatia: *Mzingo*. Kisha akapima mkono wake mwenyewe, kutoka ncha ya gumba, kupitia kwenye bonde la kiganja, mpaka ncha ya kidole cha kati, akatoa nafasi ya vidole viwili. Akatazama hesabu. Akacheka peke yake, kicheko kifupi kisicho na raha, kwa sababu kama gitaa hili lingekuwa mteja wa shati, lingekuwa limezirai zamani.

Alipoligeuza gitaa aone mgongo wa shingo, alikuta doa. Lilikuwa doa jeusi la grisi, umbo la yai, karibu na pale juu. Alichukua kitambaa akalifuta, kama alivyolifuta wiki iliyopita na wiki ya kabla yake. Spana ndiye aliyelibeba gitaa kila Jumamosi kumfikisha kwenye masomo, na mikono ya gereji haitakati kwa sabuni moja. Hakulifikiria zaidi ya hapo.

Jumamosi aliliacha gitaa nyumbani. Alimwambia mumewe leo atatumia la dukani, akaondoka mapema kuliko siku zote, na kipande chake cha karatasi kikiwa kimekunjwa ndani ya mkoba pamoja na futi kamba.

Mwalimu alikuwa akifagia. Alikuwa kijana wa umri wa mtoto wake wa kwanza, mwembamba, shati lake kola imelegea vidole vinne kwa jicho tu, lakini hayo Mama Kola aliyaweka akiba. Aliifungua karatasi juu ya meza ya kioo. Mwalimu aliinama, akasoma, akaisoma tena. Mabega yakaanza kumtikisika. Alijitahidi kujizuia kwa sababu ya umri wa mama wa watu, akashindwa, akacheka mpaka akaegemea ufagio.

"Mama, nisamehe," alisema. "Shingo ya gitaa hatuipimi hivi. Tunapima upana wake hapa juu, kwenye hiki kijifupa cheupe zinapopita nyuzi, basi. Hatuzungushi. Gitaa halivai kola."

"Linavaa," alisema Mama Kola. Aliunyoosha mkono wake wa kushoto, akaukunja taratibu, gumba huku na vidole huku, ukawa duara lililo wazi mbele. "Kola yake ndiyo hii."

Mwalimu aliutazama ule mkono. Kicheko kilimwisha polepole, na ufagio akauweka ukutani.

Hata hivyo hakukubali kushindwa haraka hivyo; alikuwa fundi naye. Alieleza kwamba kwa mtu anayeanza, mwenye mkono mdogo, dawa ni shingo iliyo finyu, na kwamba lile dogo jeusi lililoning'inia karibu na mlango ndilo anawapa wote wa aina hiyo. Alilishusha, akalipangusa. Mama Kola alikaa nalo. Gumba lilipumua kweli, hilo hakulikataa. Lakini alipoweka mkao wa tatu, vidole vilisongamana kama watu kwenye kizingiti. Ncha zake, zilizopanuliwa na sugu, ziligusa nyuzi mbilimbili, na badala ya uzi mmoja kufa, zikafa mbili. Na kati ya kiganja chake na mbao vilipita vidole vitatu, karibu vinne.

"Utazoea," alisema mwalimu.

Mama Kola alilitua gitaa magotini. Katika maneno yote ya ufundi hilo ndilo alilolichukia kupita yote, kwa sababu ndilo walilolisema wale mafundi saba. Alimweleza mwalimu hivyo, bila ukali. Alimwambia kwamba yeye hajawahi kumwambia mteja atazoea shati, na kwamba anayeambiwa atazoea ni mtu ambaye fundi wake hataki kurudi kwenye kipimo. Kisha akaomba ruhusa ya kupima yote yaliyopo ukutani.

Ruhusa aliipata, nusu kwa heshima na nusu kwa udadisi. Alizunguka duka akiwa na futi kamba shingoni na kalamu sikioni. Kila gitaa alilipima mara mbili: upana wa pale kwenye kijifupa cheupe, kama mwalimu alivyotaka, na mzingo, kama alivyotaka yeye. Wanafunzi wawili waliowahi walikaa kwenye benchi wakatazama. Mmoja aliuliza kama magitaa yanashonewa sare, na Mama Kola akamjibu ndiyo, na yeye ndiye atakayeyabeba kwenda kuyavisha. Lilipofika la kumi hapakuwa na la maana. Yaliyokuwa mapana yalikuwa manene, na yaliyokuwa membamba yalibana vidole, kana kwamba watengenezaji wote walikubaliana kwamba mtu ama ni jitu ama ni mtoto.

La kumi na moja lilikuwa pembeni nyuma ya ngoma, halikutundikwa. Lilikuwa la zamani, la rangi ya chai, tumbo lake lina mkwaruzo mrefu. Upana wa juu ulikuwa karibu sawa na wa lile la Spana. Mwalimu alisema kutoka mbali kwamba hilo si la mwanzilishi, shingo yake ni pana. Mama Kola alikuwa ameshazungusha futi kamba, na alikuwa anaisoma mara ya pili kwa sababu ya kwanza hakuiamini. Inchi nne na nusu. Mtu aliyelitengeneza alikuwa ameuacha uso wa shingo upana wake, akauchonga mgongo mpaka ukawa mwembamba kama ubavu.

"Pana," alimwambia mwalimu, "lakini si nene."

Alivuta kiti. Aliuzungusha mkono kwenye shingo ile, na kabla hajagusa uzi wowote alijua, kama anavyojua bwana harusi akishusha kidevu. Gumba lilikaa nyuma bila kusukuma. Kifundo cha mkono kilinyooka. Aliweka mkao wa tatu, kidole huku chini na kidole kule juu, kila kimoja kikapata uzi wake na nafasi ya kugeukia. Kisha akamwita mwalimu aje na vidole viwili, vyake mwenyewe, avipitishe kati ya kiganja na mbao. Mwalimu aliinama akavipitisha. Vilipita, tena kwa kugusa kidogo huku na huku.

"Basi," alisema Mama Kola.

Akazipiga nyuzi moja baada ya nyingine, kutoka ile nene ya juu hadi ile nyembamba ya chini. Zikalia zote sita. Akazipiga tena, safari hii si kwa kujaribu, ni kwa kutaka kusikia tu, halafu akatoka kwenye mkao wa tatu akaenda wa kwanza, akaenda wa pili, akarudi, na mkono ulimfuata bila ubishi. Fahari aliyoisikia hakuwa ameisikia tangu siku alipomwona mteja wake wa kwanza kabisa akijitazama kwenye kioo na kugeuza shingo kushoto na kulia, akitafuta kosa na asilione. Machozi yalimlenga. Aliyaacha yalenge.

Mwalimu aliunyoosha mkono akaomba futi kamba. Alijipimia mwenyewe lile gitaa la rangi ya chai, akazungusha, akasoma, akaandika namba mbili kwenye kadi ndogo, upana na mzingo, kisha akauliza kama kuna ubaya akiyaandikia yote namna hiyo. Mama Kola alisema hakuna ubaya, ila asiivute sana, futi kamba ikivutwa husema uongo.

Wakiwa katika kuandika, mwalimu alikiri jambo. Alisema lile gitaa kubwa hakumshauri mzee alichukue.

"Nilimwonyesha madogo, mama. Nikamwambia kama ni la mkeo, chukua dogo. Alikaa kwenye kiti hicho hicho asubuhi nzima, anajaribu moja baada ya jingine. Lile alilirudia mara tatu. Mara ya tatu akafumba macho, nikaona nisimsemeshe."

Mama Kola aliacha kupima. Alitazama kiti alichokalia. Anayemnunulia mwenzake nguo bila kipimo hupimia mwili anaoujua, nao huwa wake; hilo aliliona kila mwezi kwenye yale magauni. Lakini mtu hafumbi macho kwa ajili ya gauni la mwenzake. Akakumbuka doa la grisi, doa la umbo la yai, mgongoni mwa shingo, mahali hasa pa kukaa gumba nene. Alikuwa amelifuta mara nne kwa wiki saba. Mtu anayebeba gitaa ndani ya blanketi hashiki pale. Ilimlazimu kukaa chini kidogo. Ndani ya miaka yote aliyokuwa akisema siku moja, siku moja, hakuwahi kumgeukia aliyekuwa akimsikiliza na kumuuliza kama na yeye ana ya kwake.

Makubaliano yalichukua muda mfupi. Magitaa yote ya duka yalikuwa uchi, yakipigwa vumbi, na mwanafunzi akilichukua moja alilibeba kwenye blanketi au shuka. Mama Kola alisema atayashonea mifuko yote, yenye sponji ndani na mkanda wa begani, na hilo la rangi ya chai liwe lake. Mwalimu alikubali kabla hajamaliza kueleza aina ya zipu. Akaongezea kwamba suala la kuimba sasa limefutwa, na kwamba mwisho wa mwezi anamtegemea kwenye gitaa. Kisha, kwa aibu kidogo, akashika kola ya shati lake akauliza kama hii nayo ingeweza kufanyiwa kitu.

"Nilikuwa nasubiri uulize," alisema Mama Kola.

Alirudi jua likiwa bado juu. Nyumba yao na chumba cha kushonea vilitenganishwa na kijia kifupi chenye mlango wa bati, na alipofika kijiani alisikia. Nyuzi sita, polepole, moja baada ya nyingine. Ulikuwa mkao wa tatu, ule wake, ule uliomshinda, na haukufa uzi hata mmoja. Baada ya hapo kimya, kama mtu anayevuta pumzi, kisha mkao wa kwanza, na wa pili uliokawia kuisha. Wiki saba alikuwa amefanya mazoezi chumbani humo akidhani anayekula ugali upande wa pili wa kijia anakula tu.

Alisimama pale akisikiliza mpaka bati likamsaliti. Alipoingia, gitaa lilikuwa msumarini, linayumba kidogo, na Spana amesimama mbele ya kalenda akiisoma kwa makini mno. Ilikuwa kalenda ya mwaka uliopita, ameitundika mwenyewe kwa ajili ya picha ya lori.

Mama Kola hakutaka kuzunguka. Alikuwa amefanya mazoezi ya maneno hayo njia nzima.

"Baba, lile gitaa halinitoshi."

Spana aligeuka. Aliliona lile la rangi ya chai mkononi mwa mkewe, akaliona la msumarini, na uso wake mpana ulishuka kwa namna ambayo Mama Kola aliogopa wiki zote saba kuiona. Ilimuuma sawasawa na alivyodhani itamuuma.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na mimi nakuuliza kila jioni."

"Na mimi nakudanganya kila jioni," alisema. "Mkono umeniingia ganzi, jana shati la karani limerudi. Kola, Baba. Imerudi kola."

Hilo Spana alilielewa uzito wake. Alikaa kwenye benchi, akaitazama mikono yake kama iliyomponza. Alianza kusema samahani, kwamba alidhani kikubwa ndicho kizuri, kwamba angemsikiliza yule kijana. Mama Kola alimwacha aseme sentensi mbili tu.

"Halinitoshi mimi," alisema. "Wewe linakutosha."

"Mimi nilikuwa nafuta vumbi."

"Kwa mkao wa tatu?"

Mzee wa watu, fundi aliyeinua injini kwa mnyororo na kuzishusha kama mayai, akawa na haya kama aliyekutwa jikoni anaonja mboga ya wageni. Alieleza kidogokidogo, akiielekea sakafu. Alisema alilinunua kwa ajili yake, haki ya Mungu, hakuwa na wazo jingine. Ila pale dukani mkono ulisahau ni wa nani unaopimiwa. Yeye alidhani umri umepita, na gereji wangecheka, na wakati mkewe akisema siku moja, siku moja, yeye alikuwa akiitikia moyoni na kunyamaza.

Mama Kola alivuta futi kamba, akamshika mkono wa kushoto, akaupima kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha kati. Akalitoa gitaa kubwa msumarini, akaliweka mapajani mwa mumewe, akauzungusha mkono wake kwenye shingo ya gitaa, na kuingiza vidole vyake viwili kati ya kiganja kile kigumu na mbao. Vilipita, kwa kugusa kidogo huku na huku. Mumewe alikuwa ameinua kidevu bila kujua, kama wote walivyofanya mbele yake.

"Basi," alisema Mama Kola, na sauti yake ilikuwa imejaa fahari kiasi kwamba Spana alitazama pembeni.

Alikwenda mezani kwake, akawasha taa ndogo, akachukua shati la karani. Kola alikuwa ameifumua jana. Gumba bado lilikuwa na ganzi kidogo kwa mbali, lakini lilikuwa linahisi kitambaa, na lilipobana kona kwa ndani alijua imebanwa. Aliisukuma kwa sindano taratibu. Nyuma yake hapakuwa na sauti bado. Alikiona kitambaa cha kufutia kwenye ukingo wa meza, kile chenye weusi wa grisi ya wiki nne, akakichukua kwa mazoea, akakikunja, akakiweka ndani ya droo.

"Hapo kwenye mkao wa pili," alisema bila kugeuka, "unachelewa kutoka."

Spana alijirekebisha kwenye benchi. Gumba lake, ambalo hakuwa ameliosha, likaenda lenyewe nyuma ya shingo, mahali pake, likakaa.